Dashibodi ya Shule ya California kwa mzazi wa shule ya kati: namba inasaidia, rangi inapotosha

Mzazi wa California ambaye mtoto wake anakaribia kumaliza darasa la 5, na anayetaka kujua shule ya kati (kwa kawaida darasa la 6 hadi la 8) ya jirani ina ufaulu gani katika mitihani sanifu ya jimbo, huelekezwa na walimu na wazazi wenzake kwenye Dashibodi ya Shule ya California. Hii ni tovuti ya bure ya Idara ya Elimu ya jimbo, na ndani yake kila shule ya umma ina ukurasa wake wenye vipimo vya rangi: nyekundu ikiwa ya chini kabisa, kisha chungwa, njano, kijani, na buluu ikiwa ya juu kabisa. Nimeitumia kama mzazi, si kama mtaalamu wa takwimu, na ninaitathmini hapa kama huduma nyingine yoyote ya umma ambayo mtu hutegemea kufanya uamuzi mzito. Nionavyo, ndani ya tovuti hii imo namba moja nzuri sana, ambayo wasomaji wengi hawafiki kuiona kwa sababu rangi iliyowekwa mbele yake inawashibisha mapema na kuwapeleka pasipo.

Haki itendeke kwanza kwa kueleza Dashibodi ilichukua nafasi ya nini. Kwa sheria ya mwaka 1999, California ilianza kuipa kila shule alama moja kati ya 200 na 1000, na shabaha ya jimbo ikawa 800. Alama hiyo ilikuwa rahisi kukumbuka na rahisi zaidi kutumiwa vibaya, kwani shule nzima, pamoja na walimu wake, watoto wake na matatizo yake, iligeuka kuwa tarakimu tatu zilizotajwa na madalali wa nyumba kana kwamba ni sehemu ya paa. Utaratibu huo ulisitishwa jimbo lilipobadili mitaala na mitihani, na mwaka 2017 Dashibodi ikazinduliwa kwa nia iliyotangazwa wazi ya kuonyesha mambo kadhaa kwa pamoja badala ya kuipa shule daraja moja. Kwa hiyo, ukifungua ukurasa wa shule ya kati leo, utakuta ufaulu wa Kiingereza, ufaulu wa Hisabati, maendeleo ya wanaojifunza Kiingereza, utoro sugu, na kiwango cha kusimamishwa masomo, kila kimoja na rangi yake. Huo ni uboreshaji wa kweli, na yeyote anayeilalamikia Dashibodi aanze kwa kukiri kwamba kilichotangulia kilikuwa kibaya zaidi.

Ufaulu unaoonyeshwa hapo unatokana na mitihani ya Smarter Balanced, ambayo wanafunzi wa California wameifanya tangu majira ya kuchipua ya 2015, kuanzia darasa la 3 hadi la 8 na tena darasa la 11. Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini Desemba 2015 inalitaka kila jimbo la Marekani kupima Kiingereza na Hisabati kila mwaka kati ya darasa la 3 na la 8, na ndiyo maana shule ya kati ndiyo ngazi inayopimwa bila kupumua: hakuna darasa hata moja kati ya la 6, la 7 na la 8 linaloruka mwaka. Mtihani hufanywa kwenye kompyuta, hauna ukomo wa muda, na sehemu yake kubwa hujirekebisha kadiri mtoto anavyojibu, yaani anayejibu sawasawa huletewa maswali magumu zaidi na anayekosea huletewa mepesi zaidi. Kwa sababu hiyo, idadi ya maswali aliyoyapata mtoto haina maana yenyewe. Kinachohesabiwa ni mahali alipofika kwenye mizani moja ndefu inayoanzia darasa la 3 na kuendelea hadi sekondari ya juu.

Mizani hiyo moja ndiyo inayozaa ile namba nzuri. Kwa kila darasa kumewekwa kizingiti cha kuhesabiwa kuwa mwanafunzi amefikia kiwango. Katika Kiingereza, kizingiti cha darasa la 6 ni alama 2531, cha darasa la 7 ni 2552, na cha darasa la 8 ni 2567. Katika Hisabati ni 2552, 2567 na 2586. Dashibodi huchukua alama ya kila mwanafunzi, hupunguza kutoka kwayo kizingiti cha darasa lake, kisha hutafuta wastani wa tofauti hizo zote, na matokeo yake huandikwa kuwa shule iko alama kadhaa juu au chini ya kiwango. Mwanafunzi wa darasa la 7 aliyepata 2540 katika Kiingereza anaingizwa kwenye hesabu akiwa alama 12 chini. Mwenzake aliyepata 2580 anaingizwa akiwa alama 28 juu. Nao wote wawili wana uzito sawa.

Ubora wa namba hii unaonekana ukiilinganisha na asilimia ya waliofaulu, ambayo ndiyo hutajwa zaidi katika magazeti. Asilimia humtazama mtoto kwa swali moja tu, kama amevuka mstari au hajavuka, na hivyo shule inayotaka kupandisha asilimia yake ina kishawishi cha kuwahangaikia wale walio karibu na mstari na kuwaacha walio mbali chini, kwa kuwa hata wakipanda sana hawataonekana, na walio mbali juu, kwa kuwa hata wakidumaa hawatashuka chini ya mstari. Wastani wa umbali hauna kishawishi hicho. Mtoto aliyetoka alama 120 chini hadi 80 chini amebadilisha hesabu ya shule yake kwa kadiri ileile ambayo angeibadilisha mtoto aliyetoka alama 10 chini hadi 30 juu. Kwa mzazi ambaye mtoto wake hayupo karibu na mstari, ama kwa kuwa anapata shida au kwa kuwa amewatangulia wenzake, hiki ndicho kipimo kinachomhesabu mwanawe kwa ukamilifu, na ninaipongeza Idara kwa kukichagua.

Kuna matumizi mengine ya vizingiti hivyo ambayo tovuti haiyaelezi, nayo ni kusaidia kuelewa ukubwa wa umbali wenyewe. Mtu anayesoma kwamba shule iko alama 45 chini ya kiwango katika Hisabati hana njia ya kujua kama hilo ni jambo dogo au kubwa. Hata hivyo, ukizingatia kwamba kizingiti cha Hisabati hupanda alama 15 tu kati ya darasa la 6 na la 7, na alama 19 kati ya la 7 na la 8, unaanza kupata picha: umbali wa alama 45 ni mkubwa kuliko upandaji wa kizingiti kwa miaka yote miwili ya masomo. Si kipimo kamili cha kurudi nyuma, kwa sababu watoto hawakui kwa kufuata vizingiti, lakini kinampa msomaji rula ya kushika mkononi. Sentensi mbili za maelezo ya namna hii chini ya kila namba zingefanya kazi kubwa kuliko rangi zote tano.

Rangi hupatikana kwa kuunganisha mambo mawili: hadhi, yaani umbali wa mwaka huu, na badiliko, yaani tofauti kati ya umbali wa mwaka huu na wa mwaka uliotangulia. Hadhi ina ngazi tano na badiliko lina ngazi tano, na makutano yake hutoa jedwali la visanduku 25 vyenye rangi. Kwa maandishi linaonekana wazo la busara, kwa kuwa shule ya chini inayopanda inastahili kutambuliwa tofauti na shule ya chini inayodidimia. Kasoro imo katika upana wa ngazi. Kwa darasa la 3 hadi la 8, hadhi inayoitwa ya chini katika Kiingereza huanzia alama 5.1 chini ya kiwango na kuendelea hadi alama 70 chini. Huo ni upana wa takriban alama 65, na tofauti kati ya kizingiti cha Kiingereza cha darasa la 5, ambacho ni 2502, na cha darasa la 8 ni alama 65 vilevile. Shule ambayo wastani wake unakaribia kugusa kiwango na shule ambayo wastani wake umeachwa nyuma kwa upandaji wa vizingiti vya miaka mitatu zinawekwa katika ngazi moja, kisha zinatenganishwa na badiliko peke yake.

Chukua shule mbili za kufikirika. Ya kwanza ilikuwa alama 6 chini mwaka jana na mwaka huu iko palepale. Hadhi yake ni ya chini, badiliko lake limo katika ngazi ya kubaki palepale, na rangi yake ni chungwa. Ya pili ilikuwa alama 68 chini na mwaka huu imefika 64 chini. Hadhi yake ni ya chini pia, badiliko lake ni la kupanda kwa kuwa limezidi alama 3, na rangi yake ni njano. Mzazi anayepitisha jicho kwenye orodha ya shule za jirani ataona njano ni bora kuliko chungwa, naye atakuwa amesoma sawasawa kile alichoonyeshwa, ilhali kati ya shule hizo mbili kuna pengo la alama 58 ambalo rangi zimelipindua. Watetezi wa mfumo huu watasema kwamba rangi haikukusudiwa kulinganisha shule na shule, bali kuionyesha kila shule na wilaya yake mahali pa kuweka juhudi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama rangi isingekuwa kitu cha kwanza, kikubwa kuliko vyote na kinachong'aa kuliko vyote kwenye ukurasa ambao umefunguliwa kwa umma.

Kuhusu Hisabati, msomaji mgeni anaweza kuogopa bila sababu. Wastani wa jimbo zima ulikuwa alama 33.5 chini ya kiwango mwaka 2019, ukaporomoka hadi 51.7 chini mwaka 2022 baada ya shule kufungwa wakati wa janga la korona, na mwaka 2024 ulikuwa 47.6 chini. Katika Kiingereza namba za miaka hiyo zilikuwa 2.5, 12.2 na 13.2 chini, kumaanisha kwamba hadi 2024 Hisabati ilikuwa imeanguka zaidi na kuanza kunyanyuka, wakati Kiingereza kilikuwa kimeanguka kidogo na kubaki kilipoangukia. Shule ya kati iliyo alama 40 chini katika Hisabati na isiyobadilika itavaa rangi ya chungwa, ingawa iko juu ya wastani wa jimbo wa 2024. Wastani huo wa jimbo umo kwenye Dashibodi, lakini sharti mzazi aufuate mwenyewe katika ukurasa mwingine; haukuwekwa kando ya namba ya shule mahali ambapo ungehitajika.

Sasa niingie katika jambo ambalo kwa shule ya kati, pengine kuliko shule ya ngazi nyingine yoyote, linaifanya rangi isiaminike. Badiliko halifuatilii watoto walewale. Linalinganisha wastani wa wanafunzi waliokuwa shuleni mwaka huu na wastani wa waliokuwa hapo mwaka jana. Katika shule ya msingi inayopima madarasa manne, yaani la 3 hadi la 6, robo ya watahiniwa hubadilika kila mwaka. Katika shule ya kati yenye madarasa matatu, theluthi moja huondoka kwenda sekondari na theluthi mpya huingia kutoka shule za msingi, na katika zile zenye darasa la 7 na la 8 pekee, nusu nzima hubadilika. Tuseme madarasa yote matatu yana idadi sawa ya wanafunzi, na kwamba kila mtoto aliyebaki shuleni ameendelea kwa kasi iliyomweka umbali uleule kutoka kizingiti chake. Ikiwa darasa la 6 linaloingia lina wastani ulio alama 12 chini ya ule wa darasa la 8 lililoondoka, wastani wa shule utashuka kwa alama 4, na shule itaandikwa kuwa imeshuka. Hakuna mtoto aliyeteleza, hakuna mwalimu aliyezembea, na bado mshale umeelekea chini.

Kinyume chake pia hutokea, na hapo ndipo pongezi hutolewa bure. Wimbi la watoto waliofundishwa vizuri katika shule za msingi za wilaya likiingia darasa la 6, shule ya kati huvuna kupanda ambako haikukupanda yenyewe. Mtihani hufanywa majira ya kuchipua, wakati mtoto wa darasa la 6 amekwisha kaa katika shule yake mpya kwa miezi kadhaa tu baada ya miaka mingi katika ile ya awali, na kwa hiyo matokeo ya darasa hilo ni ushahidi wa shule mbili kwa pamoja. Anayetaka kujua shule ya kati imefanya nini angependa kuwafuata watoto walewale kutoka la 6 hadi la 8, jambo ambalo mizani moja ya Smarter Balanced inaliruhusu kabisa, lakini rangi ya Dashibodi haikokotolewi kwa njia hiyo. Kwamba jimbo lenye mtihani unaoweza kupima ukuaji wa mtoto mmojammoja lilijenga onyesho lake kuu juu ya ulinganisho wa makundi tofauti ya watoto ni jambo ambalo hadi leo linanishangaza.

Ucheleweshaji unaongeza uzito wa tatizo. Mitihani ikifanywa majira ya kuchipua, Dashibodi hutoka karibu na mwisho wa mwaka: ile ya 2023 ilitoka Desemba, na ya 2024 ikatoka Novemba. Wakati huo wanafunzi waliokuwa darasa la 8 wameshakaa sekondari kwa miezi mitatu, na watoto wa darasa la 6 waliopo hawamo katika namba hata kidogo. Familia inayosoma ukurasa huo wakati wa kuchagua shule kwa mwaka unaofuata inasoma habari za kundi ambalo, mtoto wao atakapoanza, theluthi mbili yake itakuwa imekwisha ondoka. Kila mfumo wa matokeo una uchelewaji, na ninaelewa kwamba kuunganisha takwimu za shule za jimbo kubwa kuliko yote ya Marekani kwa idadi ya watu si kazi ya siku moja; ila kwa kipimo kinachotegemea badiliko la mwaka kwa mwaka, uchelewaji huo unaumiza zaidi.

Sehemu ya Dashibodi ninayoisifu bila kusita ni ile ya makundi ya wanafunzi. Ukifungua kipimo cha Kiingereza au Hisabati, chini yake unakuta umbali wa kila kundi: kwa asili, kwa wenye ulemavu, kwa wanaotoka familia za kipato cha chini, kwa wanaojifunza Kiingereza, kwa watoto wanaolelewa na familia za malezi kwa uangalizi wa serikali, kwa wasio na makazi. Mwaka 2024 liliongezwa kundi la wanafunzi ambao wamekuwa wakijifunza Kiingereza kwa miaka mingi bila kuvuka hatua hiyo, na nyongeza hiyo inaigusa shule ya kati moja kwa moja, kwa sababu ni katika ngazi hii ambapo mtoto aliyeanza shule akiwa mdogo na bado hajavuka huanza kukwama katika masomo yote. Kundi lenye wanafunzi 30 au zaidi hupewa rangi, na lenye chini ya 11 hufichwa ili mtoto mmoja asitambulike. Shule yenye wastani wa kupendeza inaweza, ukishuka kwenye sehemu hii, kuonyesha kundi zima lililoachwa alama 100 nyuma, na hakuna mkuu wa shule anayeweza kulificha hilo kwa maneno mazuri ya mkutano wa wazazi.

Familia za wahamiaji zisome kundi la wanaojifunza Kiingereza kwa uangalifu. Katika kipimo cha ufaulu, kundi hilo linajumuisha pia wanafunzi waliokwisha kuvuka na kutangazwa kuwa wamemudu lugha, kwa kipindi cha miaka minne baada ya kuvuka. Kwa hiyo namba inayoonekana ni mchanganyiko wa walio katikati ya safari na waliofika, na inaweza kuwa ya juu kwa sababu waliofika ni wengi. Dashibodi hutoa jedwali jingine dogo linalowatenganisha wanaojifunza sasa, waliovuka, na wanaozungumza Kiingereza pekee, na hilo ndilo la kutazama. Nimeona shule ambazo waliovuka wanawazidi hata wale ambao Kiingereza ndiyo lugha yao pekee, jambo linalowapa moyo wazazi wengi wanaohofia kwamba lugha ya nyumbani itamrudisha mtoto nyuma.

Kanuni ya ushiriki nayo inahitaji kujulikana. Sheria ya shirikisho inadai angalau asilimia 95 ya wanafunzi wafanye mtihani. California humruhusu mzazi kumwondoa mtoto wake kwa maandishi, lakini shule ikipungukiwa na asilimia hiyo, wanafunzi wanaohitajika kuifikisha huhesabiwa kana kwamba wamepata alama ya chini kabisa inayowezekana. Shule ya watoto wanaofanya vizuri ambayo wazazi wake wana mazoea ya kukataa mitihani inaweza kuonekana mbovu kwa sababu hiyo pekee. Kabla ya kuihukumu shule yenye umbali usioeleweka, tazama kiwango chake cha ushiriki.

Vipimo vya utoro sugu na kusimamishwa masomo nitavipitia haraka, kwani si mitihani, ila cha kwanza kina uhusiano na ufaulu usiopingika. Mtoro sugu ni mwanafunzi aliyekosa asilimia 10 au zaidi ya siku alizopaswa kuwapo shuleni. Jimbo zima lilikuwa na karibu asilimia 12 ya wanafunzi wa namna hiyo katika mwaka wa masomo wa 2018/19, na asilimia 30 mwaka 2021/22. Shule ambayo utoro wake unapungua kwa kasi huku ufaulu ukiwa haujasogea inanipa matumaini kuliko ile ambayo ufaulu umepanda alama nne huku theluthi ya watoto ikiwa haionekani darasani.

Kwa upande wa matumizi, tovuti ni nyepesi. Kutafuta shule kwa jina huchukua muda mfupi, na kwenye simu vipimo hupangika vizuri. Lugha ya maelezo, hata hivyo, imeandikwa na watu waliozoea kuzungumza na wilaya: kiwango, hadhi, kiashiria na badiliko vimerundikwa katika sentensi moja, na mzazi aliyetoka kazini jioni hana sababu ya kuvumilia hayo wakati duara lenye rangi liko hapo likimwambia amekwisha kuelewa. Nakumbuka toleo la 2022, ambalo kwa kuwa matokeo ya miaka iliyotangulia yalikuwa yamevurugwa na janga halikuwa na badiliko la kukokotoa, na kwa hiyo lilitoka bila rangi, likionyesha hadhi peke yake kwa mistari mitano kama ile ya mtandao wa simu. Lilionekana kuwa toleo pungufu. Kwangu lilikuwa toleo lenye ukweli zaidi, kwa sababu lilisema tu shule iko wapi bila kudai kujua inaelekea wapi.

Anayetaka kuziba mapengo niliyoyataja asitegemee Dashibodi peke yake. Idara hiyohiyo ina tovuti nyingine ya matokeo ya mitihani, isiyo na mapambo na isiyojulikana sana, ambayo inaonyesha kwa kila shule na kila darasa wastani wa alama na asilimia ya wanafunzi katika kila moja ya ngazi nne za ufaulu. Huko unaweza kufanya kwa mkono kile ambacho rangi haifanyi: tazama darasa la 6 la mwaka 2022, kisha la 7 la mwaka 2023, kisha la 8 la mwaka 2024, na upime kila wastani dhidi ya kizingiti cha darasa lake. Baadhi ya watoto watakuwa wamehama na wengine wamehamia, lakini wengi ni walewale. Shule iliyopokea darasa la 6 likiwa alama 50 chini katika Hisabati na kulitoa darasa la 8 likiwa alama 35 chini imefanya kazi, hata kama rangi yake haijawahi kutoka kwenye chungwa. Iliyolipokea likiwa alama 20 juu na kulitoa likiwa kwenye kizingiti ina maswali ya kujibu, hata ikiwa kijani. Madaraja ya 1 hadi 10 ya tovuti ya GreatSchools, ambayo huonekana kando ya nyumba zinazouzwa katika tovuti kama Zillow, hayawezi kuchukua nafasi ya zoezi hilo, kwani yanarudia kosa la zamani la kuifanya shule iwe tarakimu moja.

Kwa ubora wa takwimu zake na uwazi wa makundi, ningeipa Dashibodi nyota nne kati ya tano. Kwa namna inavyomwongoza mzazi wa shule ya kati, nyota mbili. Marekebisho ninayoyaomba hayahitaji mtihani mpya wala sheria mpya: umbali uandikwe kwa herufi kubwa kuliko rangi, wastani wa jimbo uwekwe kando yake, na kwa shule zenye madarasa matatu au pungufu matokeo yatenganishwe kwa darasa papo hapo kwenye ukurasa, ili anayekwenda kumwona mkuu wa shule aende akiwa na swali kuhusu kilichowapata watoto waliokuwa darasa la 6 miaka miwili iliyopita.